Dodoso la Nakijwa

Aulizaye wima hujibiwa kwaheri. Shangazi yenu amemwambia hivyo yule bwana mwenye karatasi, nanyi mmecheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa kwetu milimani, wajukuu zangu, nami nilikuwapo.

Miaka ile, kila mwezi wa saba chuo kilipofunga, vijana waliletwa kijijini kujifunza utafiti, yaani kuuliza watu habari za maisha yao. Walibeba madodoso, zile karatasi za maswali. Mwaka wa kwanza tuliwapikia. Mwaka wa nne tulikuwa tumechoka. Swali lilikuwa lile lile: "Mnakula mara ngapi kwa siku?" Kijiji kizima tulijibu, "Mara tatu." Mgeni aliyesimama mlangoni haambiwi njaa, ndivyo tulivyolelewa. Akisikia mara tatu, huandika akaenda zake.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Binti mmoja, Tusekile, alifika kwa jirani yangu Nakijwa, mjane, akamkuta anachambua maharage. Binti alikuwa hoi kwa kupanda vilima. Alivua viatu, akakalia kigoda kibovu akamwachia mwenyeji kizima, akachambua naye kimya. Yaliyotobolewa na fukusi aliyaweka kando, hakuyatupa. Saa saba ikapita, jiko halijawashwa.

Nakijwa akasema, "Andika tunakula mara moja, mwanangu. Jioni. Na haya ni mbegu, si mboga."

Ijumaa, wenzake kumi walirudisha madodoso ishirini kila mmoja. Tusekile alikuwa na moja.

"Moja kwa wiki nzima," mwalimu wao, Kihwele, akamwambia, "na linapingana na mia mbili. Cheti hupati."

"Twende ukamuulize mwenyewe, mwalimu."

Nilikuwa kwa Nakijwa walipofika. Mwalimu akasimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Marahaba. Mara tatu, baba."

Mwalimu akamgeukia Tusekile. Binti hakujitetea. Alileta kigoda tu. "Keti kidogo, mwalimu."

Akaketi, nadhani kwa uchovu kuliko kwa kukubali. Nakijwa akamsogezea ungo. Wakachambua mpaka jua likapinda. Mwalimu akatazama mafiga. Paka alikuwa amelala juu ya majivu.

"Mama," akasema taratibu, "mbona uliniambia mara tatu?"

"Ulikuwa umesimama, baba. Aulizaye wima hujibiwa kwaheri."

Mwalimu alizifunga zile karatasi mia mbili kwa kamba, hakuzitumia. Jumatatu vijana walianza upya, kila mmoja nyumba moja, na Tusekile ndiye aliyewaonyesha namna ya kuketi. Cheti chake alikipata.

Sasa yule bwana bado yuko pale njiani, anapumzisha miguu. Naye amechoka, kama sisi. Aulizaye wima hujibiwa kwaheri. Mpelekeeni kigoda.