Siku Mto Ulipotwanga

"Kinu cha kesho hakitwangi leo." Vijana wa karakana ya kompyuta mjini Lushoto walimsikia Bi Zaina, bibi mmoja jirani yao, akisema hivyo, wakaacha kubandika bango lao. Bango lilitangaza mashine ya kuchambua maharage, na mashine yenyewe ilikuwa bado nyaya na parafujo mezani. Wakamwuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Bibi akavuta kiti, akawaambia nao waketi, kwa kuwa habari yenyewe ilianza na mtu aliyeshindwa kutulia.

Hapo kale, huku huku milimani, aliishi mchonga vinu aliyeitwa Shekiondo. Vinu vyake vilidumu kuliko ndoa za watu. Alikuwa na desturi ya marehemu baba yake: gogo lililochongwa lilifukiwa kwenye pumba hadi likauke, kisha kinu kilitwangwa siku saba kikiwa kitupu, na katika muda wote huo hakumtajia mtu. Kikipasuka, kilipasukia uani mbele ya mkewe Mandia, na aibu ikaishia hapo.

Siku moja alikaa kando ya maporomoko, akaona jani la mgomba limenaswa kwenye mwamba, maji yanalizungusha. Akaliona gurudumu akilini. Akauona mchi unapanda na kushuka bila mkono wa mtu. Mwili ulimsisimka akaogopa, kana kwamba amechungulia jambo la Mungu. Alipomsimulia Mandia, mkewe alimsihi alifukie wazo hilo kwanza kwenye pumba kama vinu vyake. Lakini neno kubwa huwasha kifuani, na siku ya gulio Shekiondo alipanda juu ya jiwe, akatangaza kwamba mavuno yakifika, mto utatwanga mahindi.

Wanawake walitazama sugu za viganja vyao, na bibi mmoja mzee akalia waziwazi.

Basi kijiji hicho kilikuwa na mila yake. Kinu kipya kikija, cha zamani hupasuliwa kuni, na kuni hizo ndizo hupika ugali wa kwanza. Nani angekubali kuwa wa mwisho? Mashoka yalilia nyumba hadi nyumba. Kuni zilipangwa uani, mvua za masika zikaja na baridi yake, watu wakaziwasha wakaota moto. Shekiondo naye alivipasua vinu alivyokuwa navyo, akavifanya makafi ya gurudumu. Mandia peke yake alikataa kupasua chake, akisema atakipasua akiuona unga. Majirani walimcheka, mke wa fundi asiyemwamini fundi.

Mavuno yakafika. Kwa kuwa siku ilikwisha kutajwa, Shekiondo hakuwa na nafasi ya kukausha mti wa kubeba gurudumu, akatumia mhimili mbichi. Ukapasuka. Akaweka wa pili, ukapasuka. Wa tatu ulichukuliwa na mto pamoja na gurudumu lenyewe. Maghala yalijaa mahindi, na watoto wakatafuna punje za kuchemsha hadi matumbo yakawauma. Kinu kilikuwa kimoja kijiji kizima, nacho kilikuwa uani kwa Shekiondo. Wanawake walipanga foleni toka alfajiri hadi jua kuzama, na kila mchi uliposhuka, Shekiondo alihisi unashuka kifuani mwake.

"Wananiona mwongo," alimwambia mkewe.

"Mwongo ana nafuu, mume wangu. Mwongo watu hawampasulii vinu vyao. Wewe walikuamini."

"Basi niwaambie nini? Niwatajie mwezi gani?"

"Usitaje mwezi wowote. Kinu cha kesho hakitwangi leo. Wachongee vya leo."

Shekiondo alipanda tena juu ya lile jiwe la gulioni, akaomba radhi. Kisha akachonga vinu vya kawaida, kimoja kwa kila nyumba, mwaka mzima, na kila kimoja kilipitia pumba zake na siku zake saba. Watu wakala ugali, wakasahau habari za mto. Naye hakuwakumbusha. Mhimili wa nne ulilala kwenye pumba misimu mitatu ya kiangazi.

Hata asubuhi moja wanawake walisikia mlio bondeni, mzito, unaokwenda kwa mwendo mmoja bila kuchoka. Walidhani mlima unatwanga. Hakuna aliyewaita, wakashuka mmoja mmoja, na walipofika wakasimama. Gurudumu lilizunguka likitiririsha maji, mchi ukapanda, ukashuka, ukapanda, na hapakuwa na mtu aliyeushika. Yule bibi mzee alivua viatu vyake. Shekiondo mwenyewe, aliyelijenga kwa mikono yake, alikuwa analia.

Mandia alichota unga, akauonja. Akapanda nyumbani, akarudi amejitwika kinu chake kikuukuu, na shoka mkononi. Akampa mumewe shoka.

Kuni za kinu kile zikapika ugali wa kwanza wa mto. Watu walikula wakiwa bado wanatazama gurudumu, na wengine wakaanza kumwuliza Shekiondo, kwa upendo tu, safari hii anawaza kutengeneza nini.

Shekiondo akameza tonge lake taratibu. Akamtazama mkewe.

"Kinu cha kesho," akasema, "hakitwangi leo."