Ngiri Apandisha Kodi ya Shimo

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa shimo, na shimo likawa na kodi.

Basi, Ngiri alikuwa na shimo lenye vyumba viwili. Cha mbele alilala mwenyewe. Cha nyuma alimpangisha Mama Nguchiro na wanawe, ambao hata macho walikuwa hawajafumbua. Kodi ilikuwa kikapu kimoja cha viazi kila mwezi.

Masika yalipoanza kunguruma, gu gu gu, Ngiri akaja mlangoni. Akasema viazi vimepanda bei, kwa hiyo kodi sasa ni vikapu viwili, asiyeweza ahame.

Nguchiro akatazama mawingu, akatazama wanawe. "Viwili tu? Mzee Ngiri, unajidharau."

Ngiri akaongeza. Nguchiro akasifu ubaridi wa kuta. Ngiri akaongeza. Nguchiro akasifu mlango usioingiza maji. Ngiri akaongeza, mpaka pumzi zikamwishia, hu hu hu.

"Hapo sawa," akasema Nguchiro. "Sasa itangaze kwa mjumbe, nisije nikaikana."

Mjumbe wa mtaa alikuwa Kobe. Walimchagua aamue mambo ya kodi kwa kuwa hajawahi kupanga kwa mtu. Mbele ya wanyama wote Ngiri akaapa kwamba yeyote alalaye katika shimo lile, awe nani, bei ya haki ni vikapu kumi kwa mwezi. Kobe akagonga muhuri kwa unyayo, pu.

Ndipo Nguchiro akamleta mbele mzee mmoja mwenye usingizi. Alikuwa Mhanga.

"Babu, shimo hili alilichimba nani?"

"Mimi," Mhanga akapiga miayo. "Kwani bado halijabomoka?"

"Halijabomoka. Na Mzee Ngiri amelala humo miaka."

Wanyama wakamgeukia Ngiri. Ngiri akaanza kuhesabu vikapu kichwani. Hakumaliza. Akainua mkia, vuu, akazama porini.

Mhanga akasema yeye hali viazi, akaenda zake kuchimba shimo jingine. Mvua ikashuka, watoto wakalala pakavu.

Kesho yake Kicheche akaja kuulizia chumba cha mbele. Nguchiro akamjibu kwa masikitiko kuwa ni vikapu kumi. Angependa sana kumpunguzia, lakini mjumbe alishagonga muhuri.

Funzo ni kwamba mpangaji mwema haombi kupunguziwa kodi. Na mwenye nyumba haulizwi nyumba aliipata wapi, si adabu.

Ngano yangu imefunga mlango. Ikiwafaa, kaeni humo bure. Isipowafaa, hameni polepole.