Unyayo Mmoja, Kichwa Kimoja

Zamani, wanangu, zamani ile ambayo hata milima ilikuwa bado inakua, wanyama walikuwa na nyumba, na majirani, na serikali. Mwaka mmoja mvua iligoma kabisa. Ziwa likakauka, likabaki tope laini, na nchi nzima ikawa na visima kumi tu.

Mfalme Simba akasema, "Tuhesabiwe kwanza, ndipo tugawane maji." Kazi akampa Kiboko, karani wake mkuu, mwenye tumbo pana na sauti ya kutikisa miti.

Kiboko akafika kwa Bi Sange. Sange mnamjua? Ni kijinyama kinachoenea kiganjani, pua ndefu, inachezacheza muda wote kama inanusa habari. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto wawili.

"Hodi! Mkuu wa kaya yupo?"

"Karibu, bwana karani. Mkuu wa kaya ndiye mimi."

"Nauliza dume!"

"Alifariki mwaka juzi."

"Aa, basi hapa hakuna mtu," akasema Kiboko, akageuka aende zake.

"He! Na mimi ninayesema nawe? Na hawa wanangu?"

"Nyinyi mko huku chini." Akamwonyesha jani lake la hesabu. Juu palikuwa na Simba, Tembo, Nyati, Twiga na Kiboko, kila mmoja na idadi yake. Chini kabisa, neno moja: Wengineo.

"Na majike wa Tembo, umewaandika wapi?"

"Mke yumo ndani ya mume! Nikimwandika mume, nimemaliza." Akaondoka zake, puu, puu, puu.

Basi visima vikagawanywa. Tisa wakapewa wakubwa. Wengineo wote wakapewa kimoja, tena kirefu cha kutisha. Siku ya kwanza tu, mtoto wa Bi Mhanga, yule mchimba mashimo, aliinama alambe maji, akateleza, chubwi! Walimvuta kwa mkia. Akatoka anatetemeka, hata kulia hawezi.

Bi Sange akamtazama yule mtoto, na kifua chake kidogo kikawaka moto. Lakini angefanya nini? Kiboko akipiga chafya tu, yeye anarushwa hadi kijiji cha pili. Akakaa, akafikiri.

Asubuhi akamfuata Kiboko.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Unataka nini tena?"

"Mimi sitaki kitu. Nimesikia maneno tu... Aa, basi, tuyaache."

"Sema!"

"Nyati anasema hesabu yako ya uongo. Eti viboko ni kumi na wawili, wewe umeandika thelathini."

"Mwongo mkubwa!" Kiboko akanguruma. "Tuko thelathini kamili!"

"Mimi nakuamini, bwana. Lakini mfalme je? Jani halina ushahidi. Sasa lile tope pale ziwani... mkilikanyaga nyinyi, nyayo zitakuwa kama masufuria! Nani atabisha?"

Kiboko akacheka, ho ho ho! "Na nyinyi mkikanyaga, kutaonekana nini? Vidoa!"

"Vidoa tu, bwana," akasema Bi Sange kwa upole. "Ila mwambie mfalme hivi, Nyati asije akaleta hila: kila aliye hai, unyayo mmoja. Unyayo mmoja, kichwa kimoja. Hakuna kurudia, hakuna kufuta."

Akamkaririsha mara tatu. Kiboko akayapeleka maneno yale kwa mfalme kama yalivyo, kifua mbele, kana kwamba ameyatunga mwenyewe. Simba akayapenda, akaapa kwa manyoya ya shingo yake.

Siku ikafika. Wakubwa wakaanza kusukumana ukingoni. Bi Sange akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti: "Wakubwa watangulie! Tuwape heshima yao!"

"Huyu mama ana adabu," akasema Tembo.

Wakakanyaga. Puu! Puu! Puu! Walipomaliza, tope lilikuwa limejaa mashimo, na Kiboko akasema, "Kazi imekwisha."

"Bado," akasema Bi Sange. Akapiga mluzi.

Kwanza wakatoka majike, wa kila nyumba, na watoto wao. Kisha wakatoka wale wa mapangoni, wa mashimoni, wa kwenye magome ya miti. Pimbi, Nungunungu, Mhanga, Kicheche. Tipu tipu tipu! Wengine Bi Sange hakuwahi kuwaona tangu azaliwe. Alikuwa ametuma habari mdomo kwa mdomo, akidhani watakuja mia, labda mia mbili. Wakaja, wakaja, jua likaanza kuinama bado wanakuja! Pua yake ikaacha kucheza. Akasimama pale juu ya jiwe, mdomo wazi, machozi yanamlengalenga. Kumbe walikuwa wengi hivi?

"Simameni!" Kiboko akapiga kelele, akakimbia aende kuzivuruga nyayo.

"Hakuna kufuta," akasema Simba. "Maneno yako mwenyewe, karani."

Jua la alasiri likapiga tope kwa ubavu, na kila unyayo ukashika kivuli chake. Ndani ya unyayo mmoja tu wa Tembo mlikuwa na nyayo arobaini, nzima, zimepangana kama mbegu. Tope lote lilikuwa limeandikwa, upande hadi upande.

Simba akainama. "Hizi tatu za nani?"

Kakakuona akajitokeza, magamba yake yanagongana kwa hofu. "Zetu, mfalme. Mimi, dada yangu na mwanangu. Kabila letu limebaki hilo."

"Watatu? Nchi nzima?"

"Watatu."

Simba akazitazama tena zile tatu. "Miaka yote natawala, sikujua kama mpo. Na hizi saba, zinazofanana na zangu?"

Simba jike mmoja akajibu, "Ni zetu, wake zako. Hesabu ya karani ilisema nyumbani kwetu yuko mmoja tu. Wewe."

Mfalme mkubwa akainamisha kichwa mbele ya tope lile. "Ningewagawiaje maji watu nisiojua kama wapo?"

Siku ileile visima vikagawanywa upya. Vinne vikachimbiwa mteremko, ili hata mwenye mguu mfupi afike majini. Kiboko akatumwa tena nyumba kwa nyumba, amuulize kila mmoja jina lake, kabila lake, ni jike au dume, na kiu yake ni kiasi gani.

Watoto wa Bi Sange wakanywa, wakanywa, hadi wakapaliwa.

Nanyi shikeni hili, wanangu: anayetaka kugawa kwa haki, amtambue kwanza kila mmoja.