Neno Alilolifuata Suhaili Shamu

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba kijana mmoja wa Basra aitwaye Suhaili bin Wahbi alifunga safari ndefu hadi nchi ya Shamu, kwa Bibi Lubaba, mwalimu wa hadithi za Mtume. Bibi huyo alikuwa mkongwe, na Suhaili alichelea asije akafariki kabla hajamsikia. Desturi ya walimu wale ilikuwa kumfungulia mgeni darasa kwa hadithi ya rehema, ndipo mengine yafuate.

Suhaili alipofika, akaketi upande wa pili wa pazia lililomsitiri Bibi, akatoa salamu. Bibi Lubaba akaitikia, akauliza:

"Rehema ni nini, mwanangu?"

Hapo Suhaili akajiona amefika. Akaeleza kwa madaha kwamba kwa Kiarabu neno hilo lina asili moja na rahim, tumbo la uzazi, kwani huruma ya kwanza mja huionja humo.

"Umesema kweli. Na mwenye tumbo lililokubeba, ulimuagaje?"

Suhaili akawaza. Angesema uongo, nani angejua? Basra ni mbali. Lakini akamwogopa Mola wake.

"Sikumuaga, Bibi. Alikuwa akiugua, akanisihi nisubiri apone. Nikatoka amelala."

"Basi rudi kwake. Leo sina la kukufungulia."

Suhaili akatoka, akashika njia ya kurudi Basra. Si elimu aliyoifuata? Si jibu lake lilikuwa sahihi? Njia nzima mara amlaumu Bibi, mara ajilaumu mwenyewe, asijue ashike lipi. Akapanga maneno ya kujitetea, akayapangua, akayapanga tena. Na hofu ikamwingia: je, mama yuko hai?

Alipobisha hodi nyumbani kwao, mama mwenyewe akafungua, amekonda, ameshikilia ukuta. Akaitazama miguu ya mwanawe iliyopasuka. Suhaili akafumbua mdomo ajitetee.

"Umekula?" mama akauliza.

Suhaili akayaacha maneno yake yote. Akaanguka miguuni pake akilia, na mama, naye akilia, akawa anamvuta ainuke ale, mkate alioupika unapoa.

Bibi Lubaba alifariki mwaka uleule, na Suhaili hakuipata hadithi ile ya rehema kinywani mwa Bibi. Lakini alipokuja kuwa mwalimu, kila mgeni aliyeingia darasani mwake, yeye alimuuliza kwanza: "Mama yako ulimuagaje?"

Ndugu zangu, rehema tunaitamka kutwa. Tumuombe Mola atulainishe nyoyo, nasi tukabishe hodi mlango ungali na wa kuufungua.