Vilemba Thelathini na Kimoja

Wamepokea wasimulizi wa habari za waja wema kwamba, katika mji mmoja wa kale uliokuwa kando ya mto, Mus'abu bin Rafii alipewa ukuu wa walinzi wa tuta la kuzuia mafuriko. Katika daftari la amiri walinzi walikuwa arubaini. Alipowaita, walikuja tisa.

Mwezi wa pili ikafika habari kwamba mkaguzi wa amiri yuko njiani, na mji utakaopungukiwa na walinzi utavunjiwa kikosi chake. Mus'abu akaingiwa na hofu kwa ajili ya wale tisa na watoto wao.

Jirani yake Haritha, mwokaji mikate, akamwambia, "Tuvishe sisi majirani vilemba vya walinzi, Mus'abu. Mimi kwa tumbo hili nitahesabiwa wawili!"

Mus'abu akamwomba mkewe, Bi Lubaba, akate vitambaa. Bi Lubaba akashika mkasi, kisha akauweka chini.

"Mume wangu, na mto ukija, nao utahesabu vilemba?"

Mus'abu akaacha habari ya vilemba. Akaswali rakaa mbili, akamtegemea Mola wake.

Mkaguzi alifika baada ya adhuhuri. Haritha alikuwa amekwisha kujipanga kwenye safu, kilemba chake mwenyewe kichwani na unga kwenye ndevu.

"Bwana wangu," alisema Mus'abu, "walinzi ni tisa. Ishirini wamefariki, Allah awarehemu, na kumi na mmoja wamehama. Yaliyobaki ni majina tu."

Haritha akajitoa kwenye safu polepole. "Basi mimi narudi kwenye tanuri langu."

Mkaguzi akacheka hadi akajifuta machozi. "Nimekagua miji sita, Mus'abu, na yote ilikuwa na watu kamili. Katika mmoja nilimwuliza mlinzi tuta liko wapi, akanionyesha sokoni! Nitamwambia nini amiri, ikiwa hakuna mji uliopungukiwa? Leo angalau najua pa kuleta watu."

Kikosi hakikuvunjwa. Amiri aliamuru waandikwe watu thelathini na mmoja, walio hai, wanaolijua tuta. Wa kwanza kuomba alikuwa Haritha.

Masika yalipofika, mto ukapanda hadi ukingoni. Watu arubaini wakasimama wakijaza magunia ya mchanga tangu alfajiri hadi alasiri, na maji yakarudi, kwa idhini ya Allah. Wanasema Haritha alibeba magunia mawili kila safari, akipaza sauti, "Nihesabuni wawili!"

Ndugu zangu, Mus'abu alidhani neno la kweli litamnyang'anya hata wale tisa. Tunapoogopa kusema tumepungukiwa, tumkumbuke Bi Lubaba na mkasi wake chini. Mwenyezi Mungu atujaalie wenza wa kutuuliza kama yeye.