Kwa Nini Bata wa Kuogea Hana Miguu

Enzi hizo, kabla ya beseni na kabla ya bomba, bata hawakulala nje. Walilala ndani, karibu na mafiga, pamoja na watu. Kila nyumba ya bonde la Ugala iliyokuwa na mtoto mchanga ilikuwa na bata wake, naye hakufugwa kwa mayai wala kwa nyama. Kazi yake ilikuwa kuoga na mtoto.

Mtoto aliogeshwa ndani ya kihori, gogo lililochimbwa katikati na kujazwa maji ya vuguvugu. Bata ndiye aliyetangulia kuingia. Maji yakiwa ya moto mno alitoka, na mama akaongeza ya baridi. Yakiwa sawa alielea akizunguka polepole, na mtoto akimwona mwenzake ametulia, naye alitulia. Bata wa wakati huo walisema na watu, ila walisema kidogo, kwa adabu.

Katika bonde hilo aliishi Kalunde, mke wa Shija. Shija alikuwa mrina asali, na miezi mingi alikuwa porini kwenye mizinga yake. Kalunde alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajajifunza kutembea. Wa tatu alikuwa Kabula, ambaye sasa alisimama kwa kushika ukuta, na kila jirani alipomsifu kwamba amekua, Kalunde aliinamisha uso.

Kisha Kabula akashikwa na ukurutu. Ulianzia nyuma ya masikio, ukashuka shingoni, ukaenea mgongo mzima. Mama mkwe wa Kalunde, bibi Nyanzala, aliyejua dawa za watoto, akachemsha magome machungu na kusema, "Ataogeshwa maji haya siku arobaini. Usiruke hata moja, mkamwana. Ukiruka, ugonjwa utaingia ndani, na huko mimi sifiki."

Maji yale yaliwasha. Siku ya kwanza Kabula alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Alimshika mama yake nywele, akakataa katakata kuingia. Ndipo bata wao akapanda mwenyewe ukingoni mwa kihori na kujitosa katika maji machungu, akaelea, akamtazama mtoto. Kabula alinyamaza. Akanyoosha mkono. "Wawa," akasema, na tangu hapo hilo likawa jina la bata. Kila siku Wawa alitangulia, na Kabula alimfuata. Kufikia siku ya thelathini shingo ilikuwa safi na mgongo umebaki na madoa machache. Usiku mtoto alilala, na Kalunde naye alilala, jambo ambalo alikuwa amelisahau.

Watu wa bonde hilo hawakumshukuru mtu kwa kumpa kitu. Walimwogesha. Mkunga aliogeshwa, mganga aliogeshwa, jirani aliyezima moto wa nyumba yako aliogeshwa. Mwenye nyumba alimsugua kwa mkono wake mwenyewe, kwa sabuni ya majivu, mpaka povu litoke jeupe. Na mgeni, ili asionekane mwenye tamaa ya heshima, alipaswa kusema "Inatosha" mara tatu. Mwenye nyumba hakupaswa kumsikiliza. Kuacha mapema kulikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba wema wake ulikuwa mdogo.

Hakuna aliyewahi kumwogesha bata kwa shukrani. Kalunde ndiye wa kwanza kulifikiria jambo hilo, na alipolifikiria aliona aibu kwamba watu walikuwa wamechelewa hivyo.

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja akatoa sabuni yake nzuri, ile aliyoiweka kwa ajili ya sherehe. Akamweka Wawa ndani ya kihori na kuanza kumsugua, bawa moja, bawa la pili, kifua, chini ya mkia. Nyanzala alikuwa ameketi mlangoni akipepeta mtama.

"Mkamwana," akaita, "bwana harusi huyo anaoa lini?"

"Mwache, mama. Leo ni zamu yake."

"Mwanangu Shija hujamsugua hivyo hata siku moja."

"Shija akisuguliwa hivi nyuki watamkana," Kalunde akajibu, na wote wawili wakacheka.

Wawa akajitikisa. "Inatosha, mama," akasema.

"Nimesikia," Kalunde akasema kwa furaha, na akaongeza sabuni.

"Inatosha."

"Mnaona adabu ya huyu? Nani aliyemfundisha?"

Mara ya tatu Wawa aliisema taratibu sana, akimtazama usoni. Kalunde akambusu kichwani, akamsuuza, akamfuta kwa kanga yake mpya. Manyoya yake yalikuwa meupe kiasi cha kuumiza macho. Kabula alipiga makofi.

Jua lilipopanda wakateremka mtoni kuchota maji, Kalunde na mtungi kichwani na Kabula mgongoni, na Wawa nyuma yao kama kawaida. Kwa desturi, baada ya kuogeshwa, mgeni hushuka mtoni ili watu wamwone. Wawa akaingia majini. Kalunde aliona kwamba amekaa chini kuliko siku nyingine, maji yakimfika mgongoni, na akadhani ni maringo ya mtu aliyetoka kusifiwa. Kisha mgongo ukazama. Ikabaki shingo. Shingo nayo ikainama, na kichwa kikaenda chini.

Bata huzamia. Kalunde alijua hivyo, na kila mtu anajua. Akacheka. Akamgeuza Kabula ili aone vizuri, akamwambia, "Mtazame Wawa anavyocheza. Sasa hivi atatokea."

Wakangoja wote wawili.

Alipotua mtungi na kuingia mtoni na nguo zake, tayari muda ulikuwa umepita. Alimpapasa katikati ya matete, akampata, mzito kama nguo iliyolowa.

Bata wengine wa bonde wakaja mmoja mmoja, wakasimama ufukweni kumzunguka. Aliyekuwa mkubwa wao, bata jike wa nyumba ya mkunga, alinusa manyoya ya Wawa kwa muda mrefu.

"Sisi tuna mafuta yetu, mama," akasema. "Hatupakwi, tunazaliwa nayo. Ndiyo yanayotuweka juu ya maji. Umeyaosha yote."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikwambia mara tatu."

Kalunde akaketi kwenye tope na kumpakata Wawa.

"Hatukulaumu," bata jike akasema. "Ulifanya kama watu wanavyofanyiana. Lakini hatuwezi tena kulala mahali ambapo tunapendwa namna hii." Jioni hiyohiyo kila bata alitoka katika kila nyumba, na walipoitwa hawakujibu kwa maneno tena.

Siku ya thelathini na mbili Kabula alikataa maji. Aliita "Wawa, Wawa," akichungulia chini ya kihori. Kalunde alijaribu kumwingiza kwa nguvu, na mtoto akalia hadi pumzi ikamkatika, akawa wa bluu midomoni, ikabidi amtoe. Siku ya thelathini na tatu ikapita hivyo, na ya thelathini na nne. Ukurutu ukarudi shingoni, na homa ikaja pamoja nao. Nyanzala alimgusa mtoto kifuani, akatoka nje. Kalunde aliujua utokaji huo. Alikuwa ameuona mara mbili.

Shija alirudi siku hiyo akiwa na mzigo wa asali na mabonge ya nta. Kalunde hakumsalimu. Alichukua kibuyu kidogo kutoka darini, chenye tumbo la mviringo na shingo iliyopinda. Akakitoboa, akatoa mbegu, akakikausha ndani kwa majivu ya moto, kisha akayeyusha nta na kuziba tundu. Akakipaka nta nje mara moja, mara mbili, mara ya tatu, mpaka kikawa cha manjano chote na laini. Akachora macho kwa mkaa.

Shija, aliyekuwa akimtazama, akauliza, "Na miguu?"

"Hapana," Kalunde akasema. "Huyu haendi mtoni."

Akakiweka juu ya maji machungu. Kikayumba, kikasimama wima, kikaanza kuzunguka. Kabula, akiwa amelegea kwa homa begani mwa baba yake, alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono. Wakamwingiza, naye hakulia.

Hakukikumbatia. Alikishika kwa mikono miwili, akakididimiza hadi chini kabisa ya kihori, na kukikandamiza hapo huku midomo ikitetemeka. Kisha akaachia, na bata akaruka juu. Mtoto akamgeukia mama yake kwa mshangao. Akamzamisha tena yule bata. Akatokea tena. Kalunde alipiga magoti pale akimmwagia dawa mgongoni, na Kabula aliendelea kuzamisha na kuachia mpaka maji yakapoa. Ndivyo walivyozifikia siku arobaini, na Kabula akapona.

Kuanzia hapo bata wa kweli hulala nje. Hutumia nusu ya siku kujipaka mafuta kwa mdomo, unyoya kwa unyoya, na akiona povu la sabuni likielea mtoni, hugeuka na kuondoka. Na mtoto wa leo huogeshwa pamoja na bata wa manjano asiye na miguu. Siku hizi ni wa plastiki na hununuliwa dukani, lakini rangi ni ileile ya nta, na bado mama humtanguliza majini kabla ya mtoto.

Tazameni mtoto yeyote akiwa ndani ya beseni. Hakuna aliyemfundisha, lakini atamshika yule bata, atamzamisha mpaka chini, na atangoja. Kisha ataachia, aone kama atarudi. Mwacheni afanye hivyo mara nyingi apendavyo, hata maji yakimwagika.