Kiraka cha Kindi na Bomba la Kiboko

Hapo zamani za kale, kabla sijazaliwa kuipendezesha dunia, Kiboko alitunga programu ya kuendesha mabomba ya maji. Programu ya bure, kila mtu ruksa kuichungulia ndani. Kazi ya Kindi, yule mwenye mkia mkubwa kuliko mwili, ilikuwa kuifunga vifurushi na kuisambaza kwenye visima vyote vya nyikani.

Sasa sikieni ubovu wake, enyi vichwa maji: wakishakunywa wanyama watatu, krrk! bomba linajifunga mpaka kesho. Wakubwa wanawahi, wadogo wanalamba vumbi.

Kindi akarekebisha mstari mmoja tu wa programu, kiraka kidogo cha kuziba ubovu. Maji hayo! Lakini kila Kiboko akitoa toleo jipya, kiraka kinafutika, fyuu! Kindi anaanza upya, kisima kwa kisima, ulimi nje, huku wanawe wanalia kiu.

Akamwandikia Kiboko: "Shikamoo mzee. Bomba linajifunga baada ya watatu. Kiraka hiki hapa, kiingize kwenye programu yenyewe."

Kiboko akajibu: "Kwangu inafanya kazi." Taarifa ya Kindi akaifunga, pwaa! Angeonaje ubovu, na kwake anakunywa peke yake?

Kindi akamfuata. "Mzee, toleo jipya tunalizindua kisimani kwetu. Wewe ndiye mgeni rasmi!"

"Mimi? Basi nitakunywa wa kwanza!"

"Mzee wangu! Mgeni rasmi gani anatangulia? Wa mwisho ndiye mkubwa!"

"Hilo nalijua. Nilikuwa nakupima tu."

Siku ya sherehe, jua kali. Kindi akamlisha Kiboko mihogo ya chumvi, sahani juu ya sahani. Kiraka hakukitia, programu ya bomba aliiacha vilevile ilivyotoka kwa Kiboko. Panya akanywa. Kobe akanywa. Digidigi akanywa. Vigelegele! Kiboko akaachama, kinywa kama mlango wa ghala.

Krrk!

"Nani kaliharibu?" akanguruma.

"Lipo kama ulivyolileta, mzee."

"Mbona mimi nimekunywa vizuri tu?" Panya akadakia, akipangusa sharubu.

Wanyama wakagaagaa kwa kicheko. Ulimi wa Kiboko ulishakuwa ubao.

"Kindi mwanangu, kile kiraka!"

"Nikitie kwenye bomba hili tu?"

"Kwenye programu yenyewe! Visima vyote! Haraka, nakufa!"

"Basi kiingize mwenyewe, mzee. Na jina langu uliandike pembeni."

Kiboko akabonyeza vitufe kwa vidole vyake vinene, tap, tap, tap. Maji yakafoka, shwaaa! Tangu siku hiyo kila toleo linafika likiwa zima, watoto wa Kindi wanaoga mara mbili, na baba yao analala mchana kajifunika mkia.

Fundi haoni ubovu wa kazi yake mpaka koo lake mwenyewe likauke.